Weka grinda chini kwanza, propela ya Benzi ya mzee haina kosa

Swali limetoka Lindi mjini, nalifupisha maana lilikuwa refu:

"Shikamoo fundi. Nina Benzi 230E ya 1983, ile bodi ya W123, otomatiki, aliiacha marehemu baba. Giaboksi ilikuwa inateleza, nikaagiza nyingine used kutoka Dar, nayo otomatiki, ikaja na toki konveta yake. Fundi kaipandisha, na kwa sababu propela shafti (lile bomba refu la kupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi tairi za nyuma) ilikuwa chini tukabadilisha raba kapling (viungo vya raba vya mwishoni mwake) na senta beringi inayoishika katikati hapo hapo. Sasa propela haiingii. Imezidi kama sentimita moja na nusu, hata tusukume vipi haipiti kwenye flanji ya giaboksi, ile sahani ya mkiani inayofungwa bolti za propela. Krosmemba, kile chuma cha kuvuka kinachobeba giaboksi, nayo matundu yake yamepishana na ya bodi, fundi kayapanua kidogo kwa drili. Bolti za kuunga giaboksi na injini zilikuwa ngumu, tumezivuta kidogo kidogo kwa zamu ila bado pamebaki uwazi kama wa kidole. Fundi anasema propela hii itakuwa ya gari nyingine, ikatwe ichomelewe. Tukate?"

Marahaba kijana wangu, na pole kwa mzee. Msikate. Na hizo bolti msizivute tena hata robo ya mzunguko, kama fundi yuko chini ya gari saa hizi mwambie atoke kwanza anywe maji, spana iwe pembeni, na funguo ya gari kaa nayo wewe mfukoni ili asije mtu akasema tuipige stata kidogo ijipange yenyewe. Haijipangi.

Wewe umeuliza propela lakini mimi nimekwama kwenye ile sentensi ya bolti, umeiandika kama ya kupita tu na ndo yenye ugonjwa wote. Giaboksi ya otomatiki inatakiwa ikutane na injini kwa kusukuma na mikono, chuma kiguse chuma mzunguko mzima, halafu ndo bolti zije kukaza kitu ambacho tayari kimekaa. Ukiona unaitumia bolti kuivuta giaboksi ije mbele ujue kuna kitu katikati kinaikataa, na kitu chenyewe kwenye otomatiki mara nyingi sana ni toki konveta ambayo haijaingia mpaka mwisho.

Nikueleze inavyokaa maana mafundi wetu wengi huku wamekulia kwenye manyuo, gia za mkono, wanaiona konveta wanadhani ni flaiwili nene. Lile dude la duara ni kama sufuria mbili zimefunikizwa mdomo kwa mdomo, ndani kuna oili na mapanga, na upande wa giaboksi lina shingo. Unapolisukuma ndani linapita vituo vitatu. Kuna meno ya bomba lililosimama pale mbele ambalo halizunguki, kuna meno ya shafti yenyewe inayopeleka nguvu kwenye giaboksi, na mwisho kabisa ile shingo ina mikato miwili ambayo lazima iingie kwenye gia ya pampu ya oili. Kila kituo unakisikia, unazungusha taratibu huku unasukuma, linadondoka "tok", unazungusha tena, "tok". Sasa wengi wakisikia mbili za kwanza wanaona imetosha kwa sababu konveta imeshakaa haianguki, inaonekana nzuri kabisa kwa macho. Kumbe ile ya tatu bado, na ile ya tatu ndo ina hiyo sentimita moja na ushei uliyoitaja.

Ukipandisha giaboksi hivyo konveta inatangulia kugonga ile sahani nyembamba iliyofungwa nyuma ya injini kabla giaboksi haijafika. Giaboksi inabaki nyuma. Ikibaki nyuma, krosmemba inayoibeba nayo iko nyuma, matundu yatapishana. Na flanji ya mkiani imerudi kuelekea kwenye difu, ile gia ya katikati ya tairi za nyuma, kwa hiyo propela ambayo imekaa kwenye gari hii tangu enzi za mzee wako leo inaonekana ndefu. Mnatibu mguu, jino ndo linauma.

Kabla hujaniamini pima, usichukue maneno yangu hivi hivi mimi niko Mtwara na gari iko Lindi. Chukua rula ya chuma au vania kama ipo, pima vitu vitatu. Uwazi kati ya giaboksi na injini, pima juu, chini na pembeni. Halafu krosmemba, matundu yamepishana na ya bodi kwa milimita ngapi kuelekea nyuma, pima kwa tundu la asili usipime kwa lile lililopanuliwa. Halafu propela imezidi kiasi gani. Ikija 14, 15, 14 hivi, zinazokaribiana, hapo kesi imekwisha, propela iombwe radhi. Ikija uwazi wa injini milimita 3 halafu propela imezidi 15 hapo tutaongea mengine, nitayasema huko chini.

Kipimo kingine hakihitaji hata rula. Pale chini ya mdomo wa giaboksi kuna kifuniko, ndo njia ya kufikia bolti za konveta. Kifungue, ingiza vidole, jaribu kuzungusha konveta kwa mkono kabla haijafungwa kwenye ile sahani. Iliyokaa vizuri inazunguka yenyewe huru, na inakuwa imerudi nyuma ya sahani milimita chache hivi, wewe ndo unakuja kuivuta mbele kwa bolti zake. Iliyokwama katikati haizunguki kabisa, imebanwa kama mpira kwenye mlango.

Mimi haya sikuyasoma popote, niliyalipia. Nilikuwa bado kijana, nimepanga kibanda Magomeni hapa Mtwara, msimu wa korosho watu wana hela na kila mtu anataka gari lake kesho asubuhi. Ikaja Benzi kama hiyo yako, otomatiki, nikapandisha giaboksi na kijana wangu mmoja, bolti zikawa ngumu, nikasema ni kutu tu bahari hii inakula kila kitu. Nikaweka bomba refu kwenye spana nikavuta. Nikasikia "tak", kasauti kadogo kama unabangua korosho kavu, na giaboksi ikaja mbele taratibu ikakaa. Krosmemba ikaingia. Propela ikaingia vizuri mpaka nikajisifu. Jioni tunawasha, injini inaunguruma vizuri, naweka D, kimya. Naweka R, kimya. Dakika chache oili inachuruzika mbele ya giaboksi. Tulipoishusha gia ya pampu ilikuwa vipande viwili na shingo ya konveta imekula ukingo wake. Pampu niliagiza kwa hela yangu, ikaja na basi siku ya tano, na barabara ya wakati ule haikuwa hii mnayopita nyie sasa, ilikuwa Rufiji unavuka kwa pantoni ukifika muda mbaya unalala hapo hapo na mbu. Mwenye gari hakunitukana, alikaa tu kwenye benchi ananiangalia, ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa.

Kwa hiyo bahati yako ni huo uwazi wa kidole. Maadamu upo, kuna uwezekano mkubwa pampu bado nzima.

Sasa fanyeni hivi. Legeza bolti zote za giaboksi na injini kwa zamu kama mlivyozivuta, msifungue upande mmoja mkaacha mwingine. Giaboksi iwe imekaa kwenye jeki na ubao mpana katikati, jeki isiguse sampo, lile bakuli la oili chini yake, moja kwa moja ile ni bati inabonyea. Irudisheni nyuma, na mimi ningependa muishushe kabisa chini kwenye mkeka au boksi, msifanyie kazi hii juu kwa juu, mtachoka mikono mtaanza kudanganyana. Chomoa konveta uangalie shingo yake, ile mikato miwili ikiwa na mikwaruzo mipya inayong'aa ni sehemu ilipokuwa inasaga ukingo wa gia. Mkwaruzo mdogo haina shida, piga msasa laini. Ukiona pamekatika au pamevimba, au sili ya mbele imechanika mdomo, hapo badilisha sili na ufungue uangalie pampu kabla hujarudisha.

Mimina oili ya otomatiki ndani ya konveta kama lita moja hivi, shingo ikiwa juu, isije ikaanza kazi kavu. Paka oili shingo na mdomo wa sili. Simamisha giaboksi mdomo ukiangalia juu kama mko watu wawili na nafasi inaruhusu, uzito wa konveta wenyewe unakusaidia. Izungushe polepole huku unabonyeza kidogo, usiitingishe kama unachota maji kisimani. Hesabu milio. Ikishadondoka mara ya mwisho weka rula imelala mdomoni mwa giaboksi kutoka ukingo hadi ukingo, pima kutoka rula mpaka sehemu zinazofungwa bolti za konveta, andika hiyo namba hata kwenye mkono. Halafu wakati wa kuinua konveta inapenda kuteleza kurudi mbele kimya kimya na kuachia ile pampu, hapo ndo wengi wanapoharibu, walikuwa wameiweka vizuri chini ikachomoka njiani. Ifunge kwa waya au weka kipande cha bati cha kuizuia, na ukifika juu kabla hujaisukuma kwenye injini pima tena ile namba. Iwe ile ile.

Ikiingia sawa utajua, giaboksi inakuja kwa mikono, pini mbili za kuelekeza zinaingia, unasikia chuma kimegusana. Jaribu krosmemba. Na mimi naweka dau la samaki wa Mikindani kwamba matundu ya asili yatakaa yenyewe.

Sasa propela, maana hata giaboksi ikikaa bado inaweza kukusumbua kwa sababu mlishaigusa. Propela ya W123 ni vipande viwili, katikati kuna senta beringi na krosi moja, mbele na nyuma kuna raba kapling. Karibu na senta beringi vile vipande vinaingiliana kwa meno na kuna nati kubwa inabana hapo, kuna na kiraba cha kuzuia vumbi. Ile sehemu inatakiwa icheze, ndo inayokupa nafasi ya kufupisha propela uipitishe kwenye flanji halafu uirefushe. Kama nati haijalegezwa propela yako ni gongo tu haifupiki hata mkisukuma watu wanne. Na kama ilikaa miaka mingi bila kuguswa, kwa hizi gari zetu za pwani, meno yanashikana kutu yanakuwa kitu kimoja. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu usiku, ukikosa hata dizeli, asubuhi zungusha na kuvuta, gonga na nyundo ya mbao au nyundo yenye kipande cha mti mbele yake. Likishaachia safisha, paka grisi, lisogee kwa mkono mwepesi.

Hapo kuna swali dogo ninakuuliza, wakati wa kubadilisha senta beringi vile vipande vilitenganishwa, je fundi aliweka alama kabla? Maana vinabalansiwa vikiwa pamoja. Mkirudisha meno popote tu itaingia sawa, ila ukifika spidi ya 80 kiti kinaanza kukukanda mgongo. Angalia kama kuna alama za rangi au za patasi, kama hakuna itabidi mjaribu, na safari hii mpige alama.

Kingine kwenye flanji, raba kapling ina matundu sita, matatu ya giaboksi na matatu ya propela, yanapishana moja moja. Ukikosea ukafunga mawili jirani upande mmoja haitakaa kamwe. Na hizi kapling haziko saizi moja kwenye W123 zote, kuna zenye bolti nyembamba na kuna zenye bolti nene kutegemea injini, kwa hiyo kama mlinunua mpya kwa kuangalia sura tu ilinganisheni na ya zamani tundu kwa tundu. Halafu katikati ya propela mbele kuna bushi ndogo inayoingia kwenye kijiti cha flanji, ile ndo inayoshika senta. Ikiwa imejaa uchafu au imepinda kidogo propela itakataa milimita za mwisho na utadhani ni urefu. Futa, paka grisi, jaribu kwa kidole kwanza.

Kama flanji haigeuki ili matundu yakutane, lever iko P. Weka N. Usicheke, nimeshaitwa mpaka Mingoyo kwa ajili ya hilo, na nauli nikalipwa.

Sasa kama vipimo vyako vimesema giaboksi imekaa sawa na propela imelegezwa bado imezidi, basi ndo uanze kuangalia kama vitu ni vya familia moja. Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa giaboksi juu ya sampo. W123 za mwanzo zilitumia 722.1, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80 zikaja 722.3, na wauzaji wa used wanakuuzia "otomatiki ya Benzi" basi, habari za namba hawana. Kama ya zamani na mpya ni namba tofauti usibishane, zilaze pamoja upime kutoka mdomo wa mbele mpaka flanji ya nyuma, futi haina ujanja. Na kama propela yenyewe iliwahi kubadilishwa enzi za mzee, ujue kupe ya W123, ile ya milango miwili, iko fupi kwa milimita 85 kati ya tairi na tairi kuliko sedani, propela yake haikai kwako na ya kwako haikai kwake. Ila hiyo ingekuwa tofauti ya kiganja, sio ya kidole, ndo maana sikuanza nayo.

Wenye magari mengine wanaosoma hapa, Cressida, Crown na ndugu zao, nyie propela inachomeka moja kwa moja mkiani mwa giaboksi kwa meno, kwa hiyo kazi yenu ni kuhesabu meno. Zinaweza kufanana unene kabisa meno yakatofautiana. Hata kwa Wamarekani ni hivyo hivyo, otomatiki mbili za kampuni moja ya GM, TH350 ina meno 27 na TH400 ina 32, mtu ananunua anadhani GM ni GM. Na nyie ukishaichomeka mpaka mwisho irudishe nyuma kama sentimita mbili ndo uwe urefu wa kazi, ikikaa imegota mwisho siku ukipita bonde na mzigo itaisukuma giaboksi.

Nirudi kwa kijana wa Lindi. Kwa nini nimeng'ang'ania usikate. Gia ya nne kwenye hiyo giaboksi ni moja kwa moja, propela inazunguka sawa na injini, ukiwa spidi 100 hapo barabara ya kuja Mtwara ni kama mizunguko 3,000 kwa dakika. Bomba lililokatwa na grinda uani na kuchomelewa kwa macho linakuwa limepinda hata kama hulioni, litakula senta beringi mpya, litakula raba mpya, na siku ukipata mtu anayejua ukakalisha giaboksi mahali pake propela itakuwa fupi sentimita moja na nusu. Hapo utatafuta nyingine na W123 hazitengenezwi tangu katikati ya miaka ya 80.

Mkishafika hatua ya kufunga, mpangilio uwe huu: bolti za kapling mbele na nyuma, na pale kwenye raba shika upande wa raba zungusha upande wa chuma, ukizungusha upande wa raba unaipotosha ndani inakufa mapema. Senta beringi iache imeshika tu bila kukazwa. Ile nati kubwa ya katikati iache imelegea kabisa. Shusha gari chini kwa tairi zake zote nne, isukumeni mbele na nyuma mara kadhaa, mita moja moja hivi, propela ijitafutie urefu wake. Sasa ingia chini, zuia tairi kwanza kwa mawe, kaza senta beringi halafu nati. Nati usiibane kama ya tairi, ina kazi ya kushika tu. Mafundi wengi wanaikaza gari likiwa bado juu ya stendi halafu wanashangaa kwa nini inavuma.

Na yale matundu ya krosmemba mliyoyapanua, giaboksi ikikaa mtaona upande mmoja wa tundu uko wazi. Weka washa pana na nene, za chuma sio za bati, na kaza. Kama drili ilikula mpaka karibu na ukingo jazeni kwa welding kwenye krosmemba yenyewe ikiwa imetolewa, hapo ndo mtumie huyo mchomeleaji. Niandikie zile namba tatu kabla hamjashusha giaboksi.